Mwendo wa Agwang

Omoding aliinamisha ngoma juu ya moto wa majani makavu ya migomba, akaizungusha taratibu, huku sikio moja amelielekeza milimani. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu wa wiki nzima. Aliigonga kwa ncha ya kidole. Bado. Akaongeza majani, moshi ukamwingia machoni, naye akautukana kwa sauti ya chini, maana alikuwa karibu mno na mlango wa kanisa.

Pale juu kwenye kilima cha kanisa jua lilikuwa linawaka bila wasiwasi. Kuku wa Kasisi Erisa walikuwa wanaoga vumbi. Lakini upande wa kaskazini vilima vya Osukuru havikuonekana kabisa. Wingu jeusi lilikuwa limevikalia, na ndani yake umeme ulikuwa unachezacheza. Ndiyo mvua yenyewe iliyokuwa inangojwa tangu mwezi uliopita. Omoding aliigonga tena ngozi. Safari hii ilimjibu.

Kazi hii alipewa na Osborn, injinia kijana kutoka Busia upande wa Kenya, aliyetumwa kujenga daraja kwenye kijito cha Abuket. Daraja la zamani la magogo lilikuwa limeondoka na ile mvua ya mwaka wa sitini na moja, mvua iliyonyesha mpaka watu wakaacha kuizungumzia. Sasa nchi ilikuwa imeshapata uhuru, bendera mpya ilikuwa imeshapandishwa Tororo, lakini kwenda kanisani bado watu walikuwa wanavuka kwa kukanyaga mawe, wamekunja nguo na kushika viatu mkononi. Kanisa lilikuwa ng'ambo hii, nyumba zao ng'ambo ile. Nyumba ya Omoding pia.

Osborn hakuwa kijana wa maringo. Siku ya kwanza aliketi kwenye kigogo karibu na ngoma, akaeleza shida yake kama mtu anayeomba ushauri.

"Mzee, nikijenga bila kujua maji yanatoka Osukuru mpaka hapa kwa muda gani, nitakuwa nabahatisha. Na nikibahatisha vibaya, watakaozikwa ni nyinyi, si mimi."

"Maji nakuja tu," Omoding alisema. "Mvua ikinyesha, yeye nakuja."

Osborn alicheka. "Niambie. Ukipiga ngoma ya Jumapili, nani anafika kwanza?"

"Watu ya karibu. Watu ya mbali nafika nyuma, mara ingine maombi nakaribia kwisha."

"Basi na maji ni hivyo hivyo. Ya shamba hili yanafika kwanza, ya mlimani yanafika mwisho. Mvua ikiwa fupi, ya karibu yanapita na kwenda zake kabla ya mengine kufika. Lakini mvua ikikaa, ikanyesha mpaka ya mbali yafike na ya karibu bado yanaingia, yote yanakutana mlangoni kwa mara moja. Hayo ndiyo maji ya kuogopa. Daraja lazima liyapitishe hayo."

Omoding alifikiri. "Kama Krismasi."

"Kama Krismasi, mzee! Kanisa linajaa mpaka nje."

"Na kitabu yako nasema maji natembea muda gani?"

Osborn alikuna kichwa. "Kitabu changu kinasema muda wa ibada nzima, pamoja na mahubiri marefu ya kasisi wenu. Lakini kiliandikwa na watu wa nchi nyingine, wenye vilima vingine. Siwezi kuweka maisha ya watu juu ya kitabu hicho bila kukipima."

Mpango ukawa rahisi. Oluka, mpiga ngoma wa kanisa dogo lililo chini ya vilima, angeangalia jiwe lililopakwa chokaa kando ya kijito. Maji yakilifunika, angepiga ngoma. Bondeni kwenye kivuko sauti ya mlimani haifiki, lakini hapa juu inafika. Kwa hiyo Omoding akiisikia naye angepiga yake. Osborn, akiwa kivukoni na saa yake ya kubonyeza, angeanza kuhesabu pale pale na kungoja maji yamfikie.

Omoding alifurahi kupita kiasi. Miaka yote hiyo alikuwa amepiga ngoma kwa ajili ya Mungu na watu wake, na alishukuru kwa hilo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ngoma yake inaweza kusimamisha daraja. Usiku ule alimweleza mkewe habari nzima mara mbili, na mara zote mbili Agwang alikuwa amelala.

Tena ngoma yenyewe haikuwa na mambo mengi. Ilikuwa na milio mitatu tu. Ulikuwepo wito wa ibada. Ulikuwepo mlio wa msiba, wa kukimbiza watu. Na ulikuwepo wa kufunga, mapigo mawili mawili mazito, unaopigwa kasisi akishatoa baraka, ili waliobaki nyumbani wapakue chakula. Mchelewaji akiukuta njiani hugeuza pale pale na kurudi kwake, maana hakuna aibu kama kuingia kanisani wenzako wakitoka. Agwang hakuwahi kugeuzwa na mlio huo hata siku moja. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu na mwendo wake wa kuchechemea, kwa hiyo yeye huondoka nyumbani ngoma ikianza tu. "Mume wangu akiniita nakwenda," huwaambia wanawake wenzake, nao hucheka.

Basi mlio wa Oluka ulikuja. Ulikuwa hafifu, wa mbali, lakini Omoding hakuhitaji kuusikia mara mbili. Alinyanyuka na ngoma, akaiweka kwenye kigoda chake, akashika vijiti. Mikono ikaanza yenyewe. Ilipiga kile ilichozoea kupiga kila Jumapili, wito wa ibada, kwa nguvu zote, mpaka kuku wakatawanyika. Kule bondeni Osborn alinyoosha mkono juu kuonyesha kuwa amesikia. Omoding aliendelea kidogo, kwa raha tu, halafu akaweka vijiti chini, akafuta jasho, akamshukuru Mungu kwa kumpa kazi mbili katika uzee wake.

Aliketi akapumzika. Aliutazama moto ukizimika. Hata alisinzia kidogo.

Alipoinuka kwenda ukingoni mwa kilima kuona mambo yanavyokwenda, aliona kitu cheupe ng'ambo ya pili, kati ya mihogo. Halafu cheupe kingine. Halafu vingi. Walikuwa ni wasichana, wamevaa magauni meupe na vitambaa vyeupe kichwani. Nyuma yao wavulana wenye mashati yaliyopigwa pasi, na wazazi, na akina mama wa kwaya. Njia yote ya kuteremkia kivukoni ilikuwa imejaa watu wenye furaha.

Askofu!

Jumapili iliyopita Kasisi Erisa alikuwa ametangaza mbele ya wote, Omoding akiwa ameketi benchi la mbele, kwamba barabara ya kutoka Mbale ni mbovu na siku ya kipaimara haiwezi kujulikana. "Siku yoyote gari la askofu likipita, mtasikia ngoma. Mkisikia tu, njooni." Omoding alikuwa ameitikia amina pamoja na wengine. Lakini kichwani mwake ngoma ya askofu ilikuwa ya watu, na ngoma ya maji ilikuwa ya Osborn, na hizo mbili hazikuwahi kukutana. Alisahau kuwa aliye nyumbani anasikia ngoma moja tu.

Bado hilo lingekuwa jambo la kuchekwa na kusamehewa. Kijito kilikuwa chini, na vijana wa kwanza walikuwa wameshavuka na kuanza kupanda kilima. Osborn alikuwa akiwapungia wapite upesi. Kwa kitabu chake muda ulikuwa bado mwingi. Lakini Omoding aligeuka kuangalia juu, kule kijito kinakokunja kona nyuma ya mashamba, mahali ambapo mtu aliye bondeni hawezi kupaona. Ndege yangeyange wote walikuwa wameruka kwa pamoja. Chini yao matete yalikuwa yanalala, safu baada ya safu, na nyuma ya matete kulikuwa na maji ya rangi ya udongo yaliyobeba mti mzima na mizizi yake.

Akapiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya mzee, haikuvuka hata mti wa kwanza. Akatazama tena kivukoni. Mbele ya akina mama, peke yake, chungu kichwani, alikuwa mwanamke anayechechemea. Alikuwa amebakiza hatua chache tu kuyafikia mawe. Ameitwa, anakuja.

Omoding alirudi kwenye ngoma kwa mbio ambazo hakujua anazo. Alishika vijiti. Wito ungewaharakisha. Mlio wa msiba ungewakimbiza, na wangekimbilia huku huku. Milio miwili huita. Ni mmoja tu unaorudisha.

Akapiga wa kufunga. Mawili. Akanyamaza kama inavyotakiwa, ingawa moyo ulitaka kupasuka katika kunyamaza huko. Mawili tena. Machozi yalikuwa yanamtoka naye anapiga kwa upole, kwa uzito, kama mtu ambaye ibada yake imekwisha salama na wali uko mezani. Angepiga kwa papara wasingeutambua. Mawili. Mawili.

Kule bondeni msafara ulisimama. Watu waliangaliana. Walioko nyuma wakauliza kuna nini.

"Imekwisha?" alisema Norah, jirani yake Agwang, kwa hasira. "Nakwisha namna gani na sisi hatujafika? Askofu amekuja kusalimu kuku?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Agwang. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaloa. Aliutazama kwa fedheha. Maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kugeuzwa na ngoma ya mumewe. Akageuka, akaurudisha mguu kwenye ukingo, akapanda hatua kadhaa kujitoa kwenye njia ya wengine waliokuwa wanarudi kwa kunung'unika.

Msichana mmoja tu, Amulen, alikuwa katikati ya mawe, akisitasita arudi au amalize. Osborn alisikia mngurumo kabla hajayaona maji. Alijitupa majini, akamshika mkono, akamvuta mpaka upande wa kanisa, wote wawili wakaanguka kwenye nyasi. Kisha maji yakafika. Hayakuja kama maji. Yalikuja na mti, na paa la nyasi la ghala la mtu, na mbuzi aliyekufa, na yalipopita mawe ya kivuko hayakuonekana tena.

Norah, aliyekuwa hajamaliza hasira zake, alishika mdomo kwa mikono miwili. Halafu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, watu walianza kuhesabiana majina kwa kuitana, na kila jina liliitikiwa.

Osborn alipanda kilima akiwa amelowa, amepoteza kofia na kiatu kimoja. Alimkuta Omoding ameikumbatia ngoma. Aliinama, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Niliwapungia wapite," alisema. "Nilidhani muda upo. Mzee, nilikuwa nawapungia."

"Na mimi nawaita," Omoding alisema. "Mimi ndio nawaita, mwanangu. Sisi wawili."

Wakalia bila kuoneana haya. Baadaye Osborn alitoa saa yake mfukoni. Kioo kilikuwa kimejaa maji ya kahawia, na mshale ulikuwa umelegea ndani yake, unakwenda huku na huku. Muda aliokuja kuupima ulikuwa umekwenda na mto.

Maji yalipungua kesho yake asubuhi. Omoding alivuka kwa kushikwa na vijana wawili, akaenda kwake. Agwang alikuwa anapepeta ulezi uani. Hakumkumbatia, maana hawakuwa na mazoea hayo. Alimtazama tu, akaenda ndani, akarudi na kile chungu cha kunde alizozipika kwa karanga kwa ajili ya askofu, akamwekea mbele zote.

"Ulinifukuza," alisema.

"Nilikufukuza."

"Eyalama," alisema Agwang, akimshukuru kwa lugha yao. "Eyalama noi. Kula."

Jumapili watu walimletea mayai, viazi, na jogoo mwekundu mwenye fujo ambaye alitoroka katikati ya zaburi. Omoding aliona aibu. Alisimama, akaomba kusema, akawaambia kuwa wasimpe kitu, kwa sababu ni yeye aliyewaita kwenye maji. Askofu hakuwa amefika hata Tororo.

Kasisi Erisa alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba Omoding, na tangazo la askofu nilitoa mimi, na kazi ya maji nilikuruhusu mimi. Tukianza kugawana lawama leo, hatutatoka kabla ya jioni. Tupo wote. Tuimbe." Wakaimba kwa nguvu ambayo hata Krismasi haijawahi kuipata, na mama yake Amulen aliimba akiwa amempakata binti yake mkubwa namna ile kama mtoto mchanga.

Ni Norah aliyefumbua shida ya Osborn, na wala hakukusudia. Baada ya ibada injinia alikuwa anamweleza kasisi kwamba sasa lazima angoje mvua nyingine kubwa kama ile, labda mwakani, labda miaka kumi, kwa kuwa saa imeharibika na hajui maji yalitembea muda gani.

"Kwani wewe huna habari?" Norah alidakia. "Maji natoka pale kwa Oluka wakati Agwang natoka jikoni. Nafika pamoja."

Osborn alimtazama. Akamtazama Agwang. Polepole uso wake ulianza kung'aa.

"Mama," alisema, "ulipoisikia ngoma siku ile, ulitoka mara ile ile?"

"Mume wangu akiniita nakwenda," Agwang alisema, na kwa mara ya kwanza wanawake hawakucheka.

"Unaweza kutembea tena njia ile? Vile vile?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatatu, kijiji kizima kilikusanyika jikoni kwa Agwang kuona mama mtu mzima akipimwa mwendo. Osborn alikuwa na saa mpya aliyoazimwa Busia. Omoding alitumwa ng'ambo ya kanisa kushika ubao wa kupimia kina cha maji, na ngoma ilikatazwa kabisa kuguswa. Agwang alikuwa amevaa gauni lile lile. Chungu alikijaza.

"Kinaweza kuwa kitupu, mama, usichoke," Osborn alimwambia.

"Siku ile nabeba kitupu? Chungu kitupu nakimbia."

Osborn alibonyeza saa. Agwang aliepua chungu, akajifuta mikono, akatafuta kitambaa cha kichwa, akamkemea kuku aliyeingia ndani, akaanza safari. Osborn alitembea kando yake bila kumharakisha, amepunguza hatua zake ndefu mpaka zikalingana na za goti bovu. Umati ulifuata nyuma na kila mtu alikuwa na la kukumbuka.

"Hapa wewe nalisimama, nalinisalimu," alisema Norah.

"Sikusimama. Nalikusalimu na natembea."

"Nalisimama! Naliniuliza mtoto napona?"

Agwang alifikiri, akakubali, akasimama, akamuuliza Norah kama mtoto amepona. Norah akajibu kwamba amepona, anashukuru. Safari ikaendelea, kupita mihogo, kuteremka njia nyekundu ambayo bado ilikuwa na alama za viatu vya siku ile, mpaka kwenye mawe. Agwang alinyoosha mguu wa kulia, akauingiza majini mpaka kwenye kifundo.

"Hapa," alisema. "Hapa nasikia ngoma nasema rudi."

Osborn alibonyeza saa. Alikadiria muda wa zile hatua alizopanda Agwang mpaka maji yalipofika, akauongeza, akaandika. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu, kwamba maji ya Osukuru hufika kabla kasisi hajaanza hata kuhubiri. Kitabu kiliwapa muda mara mbili ya ule waliokuwa nao kweli. Maji ya mbali na ya karibu yangekutana hapa kwa mvua fupi zaidi kuliko alivyodhani, na kwa wingi zaidi. Daraja alilolichora lingeondoka kama lile la magogo. "Nitalichora upya. Matundu mapana zaidi, na juu zaidi. Asante, mama. Imetosha. Sasa unaweza kurudi."

Lakini Agwang hakurudi. Aliangalia ng'ambo. Kijito siku hiyo kilikuwa kimetulia, maji yanapita kati ya mawe yakiwa na mwanga wa jua. Alikusanya gauni kwa mkono mmoja, akashika chungu kwa mwingine, akaweka mguu mzima kwenye jiwe la kwanza, kisha akavuta ule mbovu. Jiwe la pili. Hakuna aliyemwita. Norah alikuwa analia waziwazi.

Upande wa pili ubao wa injinia ulikuwa umeanguka kwenye nyasi. Omoding alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake, mpaka magotini, mkono ameunyoosha mbele.